Glavu za ngozi zisipitishe maji masika haya: paka nta, wacha mafuta ya nazi

Kama unaendesha pikipiki hapa Mombasa unajua Mei ikiingia mambo huwa vipi, mvua inapiga mpaka glavu zinalowa chapa, mkono unakuwa mzito kwenye breki, halafu zikikauka ngozi imekakamaa kama ubao. Na glavu nyingi nzuri za ngozi tunazookota mitumbani pale Kongowea ni za ski, zilishonewa watu wa kuteleza kwenye theluji huko Ulaya, ni imara kweli, lakini zikifika huku ile kinga yake ya maji mara nyingi ishatoka so inabidi uirudishe mwenyewe.

Nakuomba kitu kimoja kwanza, wacha mafuta ya nazi. Najua ndio kila mtu atakwambia upake, lakini mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na kwa joto la hapa yanashinda yakiwa majimaji, kwa hivyo yanazama ndani, ngozi inalegea, inashika vumbi, na mvua inapita vilevile. Nta ya nyuki yenyewe inataka nyuzi 62 mpaka 64 ndio iyeyuke, kwa hivyo inaganda ndani ya vitundu vya ngozi na kuziba. Waulize wauza asali, nta ya ukweli ni ya manjano na inanukia asali. Mshumaa usijaribu, ukikunja vidole unapasuka na kubanduka.

Kabla ya yote angalia ngozi yako ni ya aina gani. Kama ni swedi, ile yenye vinyweleo laini, nta itaivuruga, hiyo inataka dawa ya kupuliza ya swedi, na vitambaa vya mgongoni mwa glavu pia ni hivyo hivyo. Ngozi nyororo ndio ya nta.

Futa glavu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, toa vumbi na chumvi ya jasho, kisha zianike kivulini zikauke kabisa, na hapa usiharakishe manake ngozi yenye maji ikipata moto inajikunja na hairudi tena.

Nta na mafuta ya mbarika, sawa kwa sawa, weka kwenye kopo, kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, ikizidi joto inaweza kushika moto. Hayo mafuta kazi yake ni kuisaidia nta iingie bila kuwa ngumu, usizidishe. Ikipoa inaganda na kuwa ngumu kiasi.

Sasa zianike glavu juani kidogo tu mpaka ziwe vuguvugu, vaa moja, na upake kwa mkono wa pili huku ukikunja na kukunjua vidole ili nta iingie kwenye mikunjo. Mishono ndio yenye kazi, hasa ile ya katikati ya vidole na ya kidole gumba, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji, chukua mswaki mkuukuu usugue nta hapo mpaka uzi wenyewe unang'aa. Kiganjani paka kidogo sana usije ukateleza kwenye aksileta. Ziache zilale hivyo mpaka asubuhi, futa nta iliyobaki juu, rudia mara ya pili kwenye mishono. Dondosha maji juu, yakijikusanya matone na kuporomoka umemaliza, yakiacha doa jeusi hapo bado.

Glavu nyingi za ski zina mdomo mpana, wenyewe wanauvaa juu ya mkono wa jaketi theluji isiingie. Kwenye pikipiki fanya kinyume, mkono wa koti la mvua uje juu ya glavu, la sivyo maji yote yanayoteremka na koti unayamwagia ndani na hakuna nta itakayokusaidia.

Zikilowa, zijaze magazeti uzitundike karibu na feni, si karibu na jiko. Na usizifungie kwenye mfuko wa plastiki wala chini ya siti, kwa unyevu wa huku Pwani ukungu unaota upesi sana, na harufu yake haitoki.