Acha dania itoe maua

Ukiona vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wamejaa kwenye sukuma wiki yako, usikimbilie dawa. Geuza jani kwanza, uangalie vizuri. Hata kwenye sukuma zilizopandwa kwenye magunia hapa Nairobi, Kangemi au Ruai, huja mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, na mmoja hula makumi ya vidukari kwa siku. Mabuu yao nao ni walafi kweli, na hao ndio tunaowaua bila kujua: weusi, warefu, wenye alama za rangi ya machungwa, kama mamba wadogo. Tafadhali msiwaponde! Mayai yao ni ya manjano, yamesimama kwa vikundi chini ya jani.

Mimi huacha mashina machache ya dania pembeni yatoe maua, maana mbawakawa wakubwa hula chavua pia. Dawa inayoua kila mdudu nimeiacha kabisa. Inawamaliza hao, kisha vidukari huzaana upya upesi. Na sisimizi wakipanda mmea, wazuie, kwa sababu huwalinda vidukari wapate ule utomvu mtamu wanaoutoa.