Ndugu yako ana baipola na sasa kashuka, fanya hivi

Tukisikia mtu ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, wengi tunawaza kile kipindi cha kupanda, anaongea usiku kucha, anagawa hela, anatangaza atafungua biashara tatu kwa mpigo, ukoo mzima unahangaika naye. Akishatulia akawa mtu wa kukaa ndani, haongei, chakula anakigusagusa tu, watu wanashukuru Mungu wanasema afadhali kapoa. Hajapoa jamani, kashuka. Na wenye baipola wanakaa huku chini muda mrefu zaidi kuliko juu, ile aina ya kwanza, yenye kupanda kukali, ni kama mara tatu hivi, na huku ndo wengi wanajiua. Naandika kama dada mtu, mdogo wangu wa kiume ana hali hii na tunaishi nae hapa Dodoma.

Kama utasoma kipande kimoja tu ukaacha, basi soma hiki. Mgonjwa akiwa chini usimwache aende kwa daktari peke yake. Akiwa kwenye sonona, yani huku chini kwenye huzuni nzito, hasemi habari za kupanda, anaona zile ndo zilikuwa siku zake nzuri, hazihesabu kama ugonjwa, kwahiyo daktari anaona mtu mwenye huzuni na usingizi mbovu, anamwandikia amitriptilini au fluoksetini, mnarudi nyumbani. Dawa hizo zinasaidia sonona ya kawaida, ila kwa mwenye baipola zikitumika peke yake zinaweza kumrusha juu, au zikamwingiza kwenye hali ya mchanganyiko, yani huzuni ileile lakini sasa ana nguvu, ana hasira, halali, na hapo ndo pa kuogopa kuliko pote. Kaeni mwandike kwenye karatasi kabla hamjatoka nyumbani, ukifika unasoma hivi hivi: "Dokta, mdogo wangu ana wiki ya tatu hatoki kitandani, ila mwezi wa pili alikaa karibu wiki nzima analala masaa mawili tu na hachoki, akauza pikipiki ya baba bila kumwambia mtu, na mama mkubwa nae aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili." Maneno hayo yanabadilisha matibabu yote.

Pa kwenda papo. Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na najua watu wanavyoliogopa hilo jina, mtu akionekana getini tu mtaa mzima umeshajua. Ila sio kila anayeenda analazwa, kuna kliniki ya nje, unaonwa, unachukua dawa, unarudi kwako. Walioko Kondoa, Mpwapwa, Kongwa au Bahi waanzie hospitali ya wilaya, waulize kliniki ya afya ya akili ni siku gani, na kama hamna waombe rufaa. Omba pia apimwe damu, maana upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango na magonjwa mengine ya mwili yanaweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na sonona.

Sasa dawa. Anayeamua ni daktari, ila wewe ujue unachouliza. Kwetiapini inasaidia sonona ya baipola, inapandishwa taratibu na wengi wanafika miligramu 300, inamezwa usiku maana inaleta usingizi, inaongeza uzito na sukari kwahiyo apimwe mara kwa mara. Kuna olanzapini ikichanganywa na fluoksetini, hapo fluoksetini haiko peke yake. Kuna lamotrijini, hii ni nzuri lakini haitaki haraka, kawaida ni miligramu 25 kwa wiki mbili, halafu 50 wiki mbili, ndo ipande, na kama anatumia valproeti, dawa nyingine ya kutuliza mudi, inaanzwa nusu ya hapo. Akitoka upele wowote, hasa ukiwa na homa au vidonda mdomoni, asimeze nyingine, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Akiruka siku kadhaa asirudie dozi ileile kubwa, muulizeni daktari kwanza. Na mzazi mwenye binti, au dada ambaye bado anazaa, akiandikiwa valproeti aulize hapo hapo kama kuna nyingine, valproeti inaharibu mtoto tumboni na hilo sio jambo la kunyamazia.

Lithiamu nataka niiongelee zaidi kwa sababu ya jua letu. Ni dawa ya zamani na inapunguza watu kujiua, sio kila duka la dawa linayo ila ikipatikana ni msaada mkubwa. Shida yake ni kwamba kati ya kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru ni padogo sana. Mwili ukikauka maji lithiamu inajazana kwenye damu, na nyie mnajua Dodoma mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua haijaanza kunavyokuwa. Kwahiyo maji yawe karibu nae kutwa nzima, chumvi asiipunguze ghafla, na akiharisha au kutapika mpigieni daktari siku hiyohiyo. Diklofenaki na ibuprofeni, hizi tunazonunua dukani mgongo ukiuma, zinapandisha lithiamu, akiumwa kichwa apewe panadoli. Dawa za presha zile za kukojoza pia zitajwe kwa daktari. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, akiyumba akitembea, ulimi mzito, kachanganyikiwa, hiyo ni sumu, asimeze dozi inayofuata, kimbieni hospitali. Kipimo cha damu kinachukuliwa masaa 12 baada ya dozi, akimeza saa tatu usiku atolewe damu saa tatu asubuhi kabla hajameza kingine, na mara nyingi wanatafuta 0.6 mpaka 0.8 (milimoli kwa lita). Figo na tezi zipimwe kila baada ya miezi sita hivi.

Dawa hizi haziondoi huzuni kesho, nyingi zinataka wiki kadhaa, na hapo katikati ndo watu wanakata tamaa wanaacha. Hapo nyumbani mnapata kazi. Usimwambie jikaze, hana pa kujikazia. Mwamshe saa ileile kila siku hata kama usiku kalala vibaya, mtoe nje apate jua la asubuhi, mpe kijikazi kimoja tu, kama kumwagilia mchicha au kwenda na wewe gengeni. Ugali wa uwele na mlenda akila nusu sahani, msifie hiyo nusu. Pombe, bangi na mirungi zikae mbali. Ukipata mwanasaikolojia anayeijua baipola mpeleke, na muombe akae na familia pia, mafunzo ya familia yanapunguza kurudi kwa ugonjwa.

Sisi tunatumia kaunta buku. Kila jioni mstari mmoja: tarehe, kalala saa ngapi kaamka saa ngapi, mudi kuanzia kutoa tano (kashuka kabisa) mpaka kujumlisha tano (kapanda kabisa), dawa kameza au la. Mstari mmoja unasomeka hivi: "Jumanne, saa nne mpaka saa tisa, kutoa 3, kameza, kaoga mwenyewe." Siku ya kliniki daktari anafungua kurasa za mwezi mzima na anaona vitu ambavyo mimi nisingeweza kuvikumbuka.

Maombi sina ugomvi nayo, sisi wenyewe tunaombewa. Ila mtu yeyote akikwambia dawa ziwekwe pembeni kwanza, mkatalie kwa heshima. Na kama anataka kufunga, Ramadhani au Kwaresima, aongee na daktari kabla, hasa wa lithiamu.

Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi wazo, kunampa pa kusemea. Akisema ndio, au ukiona anaaga watu na kugawa vitu vyake, asibaki peke yake hata dakika, dawa zake atunze mtu mwingine, na zile dawa za kupulizia zabibu na za kuhifadhia mahindi zitoke kabisa hapo nyumbani, zipelekwe kwa jirani. Halafu hospitali usiku huohuo, msisubiri kupambazuke.

Akianza kunyanyuka furahini, ila angalieni usingizi. Akilala masaa matatu akaamka hana uchovu, anaongea haraka, mipango kibao, hiyo sio kupona. Msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mrudisheni kliniki wiki hiyohiyo na lile daftari mkononi.