Kuzunguka Vilima vya Maragoli na Bunyore kwa Baiskeli Kutoka Kisumu: Hatua kwa Hatua

Ukisimama Kondele asubuhi ukatazama kaskazini, vilima vimejipanga mbele yako kama ukuta. Wengi wanaoanza baiskeli hapa Kisumu huukwepa. Wanakwenda Ahero na kurudi, tambarare tupu, wiki baada ya wiki, mpaka hamu inawaisha. Mimi nakusihi upande, maana raha yote ya kuendesha baiskeli upande huu wa Kenya iko huko juu.

Njia ninayoipenda ni ya mzunguko: Kisumu, Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Luanda, Maseno, Kisian, kisha nyumbani. Ni karibu kilomita 70, zote lami. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Maseno iko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo kuna kupanda kwa kweli. Usiugeuze mzunguko. Ukipitia Mamboleo kwanza, mlima mkubwa unaukuta miguu ikiwa mibichi na jua likiwa bado changa.

Hatua ya 1: Hesabu meno ya gia

Baiskeli nyingi za mbio za mitumba huja na gia za nchi tambarare: mbele meno 53 na 39, nyuma gia kubwa ina meno 25. Kwa hizo utafika Kiboswa magoti yakilia. Tafuta 50 na 34 mbele, na nyuma kaseti (seti ya gia za gurudumu la nyuma) inayofika meno 32. Muulize fundi kabla hujanunua, kwa sababu kibadilisha gia cha nyuma chenye mkono mfupi mara nyingi hakiwezi kubeba kaseti kubwa hivyo. Cheni itakwama siku hiyo hiyo. Kama pesa ni za kitu kimoja tu, anza na kaseti. Nguo za kung'aa zitasubiri.

Hatua ya 2: Breki na tairi, usiku wa kuamkia safari

Wakati mmoja wa masika niliteremka kutoka Maseno na raba za breki ambazo siku mbili kabla nilikuwa nimeziona zimeisha. Nikajiambia zitanifikisha. Mvua ikanyesha, mchanga wa barabarani ukaingia kati ya raba na rimu, na katikati ya mteremko nikasikia chuma kikikwaruza chuma. Nilibana kwa vidole vyote, baiskeli ikawa haipungui mwendo. Kilichoniokoa ni majani marefu kando ya lami. Tangu siku hiyo natazama mifereji iliyochorwa kwenye raba: ikifutika, raba inatoka usiku huo huo.

Tairi za milimita 28 zinatosha; usizijaze hadi mwisho wa pampu. Mtu wa kilo 70 anapanda vizuri kwa paundi 75 hivi za upepo (psi). Tairi ngumu kama jiwe inarukaruka kwenye lami yenye viraka, na kwenye kona iliyolowa haishiki. Beba tyubu mbili, vipande vya kuzibia pancha, pampu, na spana za kutosha kukaza kila nati uliyo nayo.

Hatua ya 3: Chagua saa

Tuko juu ya ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Ondoka linapochomoza, na taa nyekundu ya nyuma ikiwaka. Hii si kwa ajili ya joto pekee. Mchana, hewa kutoka ziwani husukumwa kuelekea nchi kavu, inavigonga vilima, inapanda, na ikishapanda inageuka mvua ya radi. Ndiyo maana alasiri ya huku huweza kuanza na anga safi na kuishia na ngurumo. Ukiwa Luanda saa nne asubuhi umeshaitangulia mvua kwa masaa.

Hatua ya 4: Mlima wa Mamboleo hadi Kiboswa

Hapa ndipo watu huharibu siku nzima. Wanafika chini ya mlima na mwendo wa tambarare, wanaupiga kwa hasira dakika tano, halafu wanashuka kusukuma. Fanya hivi.

Badilisha gia kabla ya mlima kuanza, cheni ikiwa imelegea kidogo. Ukingoja hadi miguu imeikaza cheni, gia itagoma au cheni itaruka, na kuanza upya kwenye mwinuko ni kazi nzito. Ukiona lami inaanza kuinuka, punguza kukanyaga nusu ya mzunguko, bonyeza, sikia "tak", endelea.

Kaa kwenye kiti. Legeza viwiko, shika usukani juu, kifua kifunguke. Zungusha miguu mara 70 hivi kwa dakika. Ikishuka chini ya 60 ongeza wepesi wa gia bila aibu. Kipimo changu ni mdomo: niweze kumsalimu mtu wa kando ya barabara kwa sentensi nzima. Nikitoa neno moja moja, nimezidisha. Simama juu ya pedeli pale tu mwinuko unapokaza ghafla, na kabla ya kusimama weka gia ngumu kidogo, vinginevyo mguu utazama na baiskeli itarudi nyuma chini yako.

Malori yanapanda polepole hapa, na kuna kishawishi cha kulishika lori nyuma ili likuvute. Nakuomba kwa moyo wangu wote, usishike. Lori likikwepa shimo, wewe huna pa kwenda.

Kuhusu salamu: chini unaamkiwa "oyawore" kwa Kijaluo, ukifika soko la Kiboswa, mpakani mwa Kisumu na Vihiga, unaanza kusikia "mulembe" ya Waluhya. Jibu zote mbili. Watu wa barabara hii wanakumbuka mwendesha baiskeli anayeitikia, na siku cheni ikikatika hao ndio watakaokuonyesha fundi.

Hatua ya 5: Kiboswa, Gambogi, Majengo

Kunywa, kula ndizi, songa. Chunga matatu zinazosimama bila ishara, na matuta karibu na shule na masoko.

Hatua ya 6: Majengo hadi Luanda

Kata kushoto Majengo. Sasa punguza mwendo kwa sababu ya macho, si miguu. Mawe makubwa ya matale (graniti) yamekaa katikati ya mashamba na mengine ndani ya boma, nyumba imejengwa ubavuni mwake, nguo zimeanikwa juu yake. Barabara inapanda na kushuka kama mawimbi. Katika mawimbi haya kosa ni kupumzika kwenye mteremko. Endelea kuzungusha miguu hadi chini kabisa, mwendo ule ukubebe nusu ya kilima kinachofuata.

Hii ni Bunyore, nchi ya ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua kwa vizazi vingi. Wanasoma miti inavyochanua, wadudu, ndege na upepo, na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wamekaa nao kulinganisha utabiri. Mzee wa huku akikuambia "usikawie leo", usibishane na anga safi. Panda baiskeli.

Luanda soko ni kubwa. Shuka, nunua njugu na ndizi, jaza chupa. Kula kidogo kila dakika 40 hata kama njaa haijabisha hodi.

Hatua ya 7: Maseno

Kuna alama ya ikweta kando ya barabara, piga picha. Umeshaivuka mara moja kule juu ya Kiboswa bila kujua. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, ndiko alikosoma Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Barabara hii hii ukiifuata nyuma yako inakufikisha Busia, lilikozaliwa neno bodaboda, enzi za baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Mimi huipita nikiwa na heshima kidogo.

Hatua ya 8: Kuteremka hadi Kisian

Shika usukani chini, mahali vidole viwili vinafika breki bila kunyooka. Sogeza makalio nyuma. Breki zibane kwa vipindi: bana kwa nguvu, achia, bana tena. Ukiziburuta mfululizo rimu inapata joto, na joto likizidi linaweza kupasua tyubu. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona; ndani ya kona pedeli ya nje iwe chini na uzito wako uwe juu yake. Tazama unakotaka kutokea, maana baiskeli hufuata macho.

Na macho yatavutwa, kwa sababu ziwa linajitokeza lote mbele yako, bluu ya kijivu, na vilima vya ng'ambo ya ghuba. Ukitaka kulitazama, simama nje ya lami kabisa, mguu chini. Mimi husimama kila mara.

Hatua ya 9: Kisian hadi mjini

Tambarare. Upepo wa ziwa ukishaanza utakupiga kutoka nyuma upande wa kulia, kwa hiyo tumia gia kubwa ufurahie. Magari yanaongezeka kuanzia Otonglo. Kaa kwenye mstari wako, usiyumbe. Kama miguu bado inakubali, endelea mpaka Dunga, ufukweni mwa ziwa, ukale samaki wa ngege wa kukaanga na ugali, mikono ikiwa bado na grisi.

Ukishaumaliza mzunguko huu mara tatu bila kushuka kusukuma, siku ya nne usikate kushoto Majengo. Nyoosha Mbale, Chavakali, Khayega. Kabla ya mji wa Kakamega kuna jiwe la Ilesi, limesimama kama mtu aliyebeba kichwa cha mviringo, na maji yanamtiririka usoni. Ondoka mapema zaidi, beba tyubu tatu.