Samaki wa vifuniko: kuchora Tingatinga yenye utani

Mchoro kuhusu taka za baharini ukiwa na hasira, watu hugeuza uso. Samaki huyu kwa mbali ana tumbo la urembo tu. Mtu akisogea ndipo anapogundua kila kidoto ni kifuniko cha soda. Tunatumia rangi ya mafuta juu ya hadibodi, kama Edward Said Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji, alivyoanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli.

Hatua ya 1. Kata hadibodi sentimita 40 kwa 40, piga msasa upande laini hadi mng'ao uishe, futa vumbi, paka rangi nyeupe tabaka moja. Ilaze siku nzima.

Hatua ya 2: bahari. Tia bluu kwenye nyeupe tone kwa tone. Ukifanya kinyume utamaliza kopo zima la nyeupe, bluu haishibi. Bluu nyepesi ikae juu, nzito chini, kisha pitisha brashi pana iliyo kavu zinapokutana, kabla hazijashika. Usipake nene: juu ikikauka kabla ya ndani, rangi hujikunja kama utandu wa maziwa. Subiri saa 24, au zaidi kukiwa na unyevu.

Hatua ya 3. Chora kwa chaki samaki mnene, ajaze theluthi mbili za ubao. Utani wote uko kwenye jicho: liwe kubwa, mboni ikitazama tumbo. Jaza mwili rangi ya chungwa, uache ukauke.

Hatua ya 4: vifuniko. Hapa usikimbie. Chonga kijiti chenye ncha bapa ya milimita 8, chovya, gonga wima. Mchovyo mmoja hutoa vidoto kama vitatu, kila kinachofuata kidogo zaidi, kwa hiyo anzia katikati ya tumbo uelekee mkiani. Ukubwa utapungua wenyewe. Vikikauka, vizungushie meno kwa ncha ya msumari. Kifuniko halisi kina meno 21. Hapa weka 8, yakizidi yanaungana. Kidoto kikitiririka, thina (kiowevu cha kulainishia rangi) imezidi: ongeza rangi.

Hatua ya 5. Zungushia mwili mstari mweusi kwa brashi namba 1. Maandishi ya "Tunza bahari" usiweke, yanaua utani.

Mafuta ya taa uliyooshea brashi yatie kwenye chupa. Rangi ikituama, yamimine juu kwa juu uyatumie tena. Yasiende mtaroni.