Chupa ya stili: ipime kwa maji ya moto kabla hujalipa

Mwombe muuzaji aijaze maji ya moto hadi nusu, funga, subiri dakika mbili, kisha ishike ubavuni. Ikiwa ya moto, ina ukuta mmoja: kwa jua la Dar maji yako ya baridi yatapata uvuguvugu mapema sana, na plastiki ya bei nafuu ingekutosha. Ikibaki baridi, ina kuta mbili zilizoondolewa hewa katikati, hivyo joto hupita kwa shida. Usipime shingoni, kuta hukutana pale na hupata joto hata kwenye chupa nzuri. Ila kwa kugandisha maji kwenye friza chukua plastiki, usiijaze pomoni. Maji yakiganda hutanuka, huharibu chupa ya kuta mbili.