Kumtafuta ndugu aliyehamia Uingereza kwa daftari la wapiga kura

Kwa kazi hii bahasha kuukuu ina thamani kuliko jina la mtu. Madaftari ya wapiga kura ya Uingereza hayakupangwa kwa majina. Yamepangwa kwa mitaa, na ndani ya mtaa kwa namba za nyumba. Ukienda na jina tupu utapekua kurasa mpaka macho yaume. Basi kusanya anwani kwanza: mgongo wa barua za ndege zilizotoka London au Cardiff miaka ya 1960, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa huko. Andika anwani pamoja na mwaka wake, maana watu wa vyumba vya kupanga walihamahama.

Kisha jiulize kama ndugu yako alistahili kuandikwa. Hakulazimika kuwa raia wa Uingereza. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola aliyeishi huko alikuwa na haki ya kupiga kura. Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua sababu. Kabla ya uhuru, wenyeji wa Zanzibar, Tanganyika, Uganda na ule mwambao wa Kenya uliokuwa wa Sultani walihesabiwa kuwa watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza, si raia wake, na kisheria hawakustahili kuandikwa. Mzaliwa wa Kenya koloni, huko bara, alistahili. Kwa hiyo baharia wa Mombasa aliyekaa Cardiff mwaka 1955 asipoonekana, usiseme hakuwapo. Anza kumtafuta baada ya tarehe ya uhuru: Tanganyika Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Zanzibar na Kenya Desemba 1963. Mzanzibari aliyeingia kwa pasi ya Oman, au mtu wa Burundi na Kongo, mtafute baada ya kupata uraia wa Uingereza tu. Na umri: mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa lazima uwe na miaka 21.

Kosa la pili ni la tarehe. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 2000 daftari lilitoka mara moja kwa mwaka, tarehe 15 Februari, likionyesha waliokuwa wakiishi kwenye nyumba tarehe 10 Oktoba ya mwaka uliotangulia. Daftari la 1966, basi, ni picha ya Oktoba 1965. Aliyeshuka London Novemba 1965 ataonekana kwa mara ya kwanza kwenye daftari la Februari 1967, miezi kumi na mitano baadaye. Kila unaponakili, andika tarehe zote mbili, la sivyo utamhamisha mtu mwaka mzima kimakosa.

Maktaba ya Uingereza, British Library, ina mkusanyiko kamili wa nchi nzima kuanzia 1947. Huko vitabu huombwa kwa jina la jimbo la uchaguzi, kwa hiyo tafuta kwanza mtaa wako ulikuwa jimbo gani mwaka huo. Mipaka imebadilika mara kadhaa. Hifadhi za nyaraka za wilaya na miji nazo zina madaftari ya maeneo yao, na nyingi hukutafutia kwa malipo ukiandika kutoka Tanga au Mombasa. Wape mtaa, namba ya nyumba na miaka miwili mitatu, si historia ya ukoo. Kwa London, Ancestry, tovuti ya kutafutia historia ya ukoo, ina picha za kurasa mpaka 1965 zinazotafutwa kwa jina. Daftari lisilozidi miaka 10 husomwa chini ya uangalizi, na unaruhusiwa kunakili kwa mkono tu.

Majina yetu ndiyo yanayochosha. Fomu ilijazwa na mkuu wa nyumba, ambaye huenda alikuwa mwenye nyumba Mwingereza aliyeandika alivyosikia. Mtu anayeitwa Salim Juma Ali anaweza kuwa chini ya Ali, chini ya Juma, hata chini ya Salim. “Bin” na “binti” huweza kugeuzwa kuwa jina. Jaribu Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mahomed. Mke hubaki na jina la babake, hivyo mume na mke wa nyumba moja husomeka kama wageni wawili. Kwa sababu hii hata kwenye picha za intaneti ni afadhali kufungua ukurasa wa mtaa na kusoma nyumba nzima, na nyumba za jirani pia, kwani watu wa kwetu walivutana kwenye mtaa mmoja.

Soma na alama ndogo kando ya majina. J, kabla ya katikati ya miaka ya 1970, ni aliyeweza kuitwa kwenye juri, yaani baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani. Sifa hiyo ilitokana na nyumba, hivyo huelekea kumwonyesha mshika nyumba, si mpangaji wa chumba. S ni askari. Y ni kijana anayekaribia miaka 21. Baada ya umri kushuka kuwa 18, huchapwa tarehe kamili ambayo kijana anatimiza 18: ondoa 18 na umepata siku ya kuzaliwa. Hiyo ni zawadi.

Ukishampata, nenda mwaka mmoja mmoja mbele na nyuma kwenye nyumba ileile mpaka jina litoweke. Kutoweka si kifo. Huenda alihama, au mtaa ulibomolewa. Mapengo ya 1990 hadi 1993 yapuuze kabisa: kodi ya kichwa iliwafanya wengi wakwepe kuandikishwa. Wala daftari halithibitishi undugu. Wanne chini ya paa moja wanaweza kuwa wapangaji wanne wasiojuana, mpaka cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kiseme vinginevyo.

Piga picha ya jalada la daftari pia, siyo ukurasa peke yake, na uandike jimbo, kata, herufi za kituo cha kupigia kura na namba ya mpiga kura.