Kivinjari kinasema nenosiri lako limevuja: thibitisha kwanza, ndipo ubadilishe

Umefungua Chrome kwenye simu, pengine ukisubiri gari Kabwe, Mbeya, na ujumbe unatokea: nenosiri lako limeonekana kwenye uvujaji wa data. Unaweza kuwa wa kweli, unaweza kuwa mtego. Maneno hufanana, kwa hiyo usihukumu kwa maneno.

Hatua ya 1: usibonyeze kitu ndani ya ujumbe. Onyo la kweli hutolewa na kivinjari chenyewe, mara nyingi pale pale unapoingia kwenye akaunti. Halikupi namba ya kupiga, halihesabu sekunde, halitetemeshi simu, halikuambii upakue programu ya kusafisha virusi. Ukiona mojawapo ya hayo, ni tovuti inayoigiza, funga kichupo. Arifa za uongo zinazojirudia kila siku kwa kawaida zinatokana na tovuti uliyoibonyezea "Ruhusu" ulipokuwa unatafuta wimbo au mechi. Nenda Mipangilio ya Chrome, kisha mipangilio ya tovuti, fungua arifa na uiondolee ruhusa.

Hatua ya 2: nenda ukaangalie mwenyewe. Chrome ya Android: nukta tatu juu kulia, Mipangilio, Kidhibiti cha Manenosiri cha Google, halafu sehemu ya ukaguzi. Kwenye kompyuta andika chrome://password-manager/checkup sehemu ya anwani. Firefox ya kompyuta: about:logins. Akaunti ikitajwa humo, onyo ni la kweli. Kama hukuhifadhi nenosiri hilo kwenye kivinjari, tumia haveibeenpwned.com, huduma aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013. Kwenye ukurasa wake wa mwanzo unaandika barua pepe tu, nenosiri halihitajiki.

Wengi huogopa kwamba ukaguzi wenyewe unapeleka nenosiri kwa mtu. Kwenye huduma hiyo ya Hunt, ukiamua kukagua nenosiri lenyewe kwenye ukurasa wake mwingine, kifaa chako hulisaga kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu 40, kikatuma 5 za mwanzo tu. Seva (kompyuta ya huduma hiyo) hurudisha mifululizo mingi inayoanza hivyo, na kifaa chako ndicho kinacholinganisha. Chrome hutumia njia nyingine yenye lengo hilo hilo: Google isilijue nenosiri lako.

Onyo la kweli halina maana kwamba tayari mtu ameingia kwenye akaunti. Maana yake ni kwamba nenosiri hilo limo kwenye orodha zinazozunguka. Data ya LinkedIn iliibwa mwaka 2012, ikaja kuuzwa wazi 2016. Wadukuzi huchukua barua pepe na nenosiri vya orodha kama hiyo, wakavijaribisha kwa programu kwenye tovuti nyingine nyingi. Ndiyo maana "Iringa2019" iliyovuja kwenye tovuti usiyoikumbuka ni hatari ikiwa ndiyo unayofungulia Gmail.

Hatua ya 3: anza na barua pepe. Viungo vya kubadilishia manenosiri mengine vinatumwa huko. Kagua pia namba ya urejeshaji, yaani namba ya simu uliyoweka ya kurudishia akaunti: laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kisha akaunti za pesa, halafu mitandao ya kijamii.

Hatua ya 4: badilisha kwenye tovuti yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukihariri nenosiri ndani ya kidhibiti cha Chrome, umebadilisha nakala ya Chrome tu. Onyo linaweza kupotea, lakini nenosiri lililovuja bado linafungua akaunti. Ingia kwenye tovuti, libadilishe, toa vifaa vyote vilivyoingia, ndipo ukubali Chrome isasishe. Kubali nenosiri refu linalopendekezwa na kivinjari. Kuongeza "1" mwishoni hakusaidii, maana programu za wadukuzi hujaribu hilo mapema. Malizia kwa kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, ili nenosiri peke yake lisitoshe kuingia.

Ukiwa steshenari. Kompyuta za Mwanjelwa, Uyole au Mafinga zinazotumika kujazia maombi ya mkopo na ajira huwa na manenosiri ya wateja yaliyohifadhiwa kwenye Chrome moja. Onyo likitokea hapo, soma kwanza jina la mtumiaji lililo chini ya tovuti. Huenda ni la mteja wa mwezi uliopita. Mwenye steshenari afute manenosiri hayo yote na azime pendekezo la kuhifadhi. Mteja afungue dirisha fiche (Incognito), akatae kuhifadhi, na abadilishe nenosiri alilotengenezewa pale akifika kwenye simu yake.

Ukaguzi huu haugusi namba ya siri ya M-Pesa wala Airtel Money. Kama tarakimu zake 4 ndizo zilizo mwishoni mwa nenosiri lililovuja, badilisha namba hiyo leo kupitia menyu ya simu.